Usimpe mama unga wa nitriki oksidi kabla hujampima presha akiwa amesimama

Mkuu, simama hapo hapo, usilipie hilo kopo. Umesema mama ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, anameza levodopa, dawa ya ugonjwa huo, na dawa ya presha, na muuzaji amekuhakikishia kuwa unga wa L-arjinini, huo wanaouita wa nitriki oksidi, "unafungua mishipa ya ubongo". Kaka yangu aliambiwa maneno hayo hayo na jamaa aliyevaa koti jeupe, kumbe si daktari wala mfamasia.

Baba alikuwa kama mama yako. Tukawa tunamkorogea kijiko asubuhi na kingine jioni. Akaanza kulalamika kwamba akisimama macho yanaingia giza. Tukampigia jamaa, akajibu ndiyo dalili dawa inafanya kazi, tuongeze kipimo! Alfajiri moja mzee akaamka akatawadhe. Akashika ukingo wa kitanda, akasimama, magoti yakalegea, akaangukia ubavu kwenye sakafu ya saruji. Nyonga ikavunjika. Mzee aliyekuwa akienda msikitini kwa miguu yake leo anasukumwa kwenye kiti. Jamaa simu hapokei.

Daktari hakuutupia unga lawama yote. Alitueleza kuwa Parkinson yenyewe hudhoofisha neva zinazoshikilia presha mtu anapoinuka. Levodopa inaishusha, dawa ya presha inaishusha, halafu sisi tukaongeza kitu ambacho mwili hukitumia kutengeneza gesi ya kulegeza mishipa, ndiyo hiyo nitriki oksidi.

Na hiyo gesi msiisikie tu kwa sifa. Ni kweli waliogundua kazi yake mwilini, Furchgott, Ignarro na Murad, walipata Nobel mwaka 1998, na wauzaji hawaachi kulitaja hilo. Wasichokitaja ni kwamba kwenye ubongo wenye uvimbe, seli za kinga huitoa kupita kiasi. Ikikutana na superoksidi, kemikali nyingine kali inayotokea mwilini, inageuka peroksinitriti, sumu inayoharibu protini za seli za neva, na alama za uharibifu huo zimeonekana kwenye ubongo wa wagonjwa wa Parkinson. Sasa muuzaji anajuaje kwamba mama amepungukiwa na si kwamba imemzidi?

Tena mwaka 2006 Marekani walichapisha utafiti wa L-arjinini kwa watu waliotoka kupata shambulio la moyo. Waliopewa arjinini walikufa 6, waliopewa kidonge kitupu hakufa hata mmoja, utafiti ukasimamishwa. Hao walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari, mkuu, si wa muuzaji wa mtandaoni.

Fanya hivi leo. Mama alale dakika tano, mpime. Asimame, wewe ukiwa karibu umemshika, mpime tena dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, mpeleke kwa daktari wake na dawa zake zote mkononi, kopo libaki dukani. Ukishapima, ziweke hapa namba zote, za kulala na za kusimama. Nipo.