Re: Barua pepe za zamani zinapotea kwenye Thunderbird

Waalaikum salaam, kaka. Umesema barua za wageni wa misimu iliyopita zinajifuta zenyewe kwenye kompyuta ya nyumba yako ya wageni hapo Shela. Kwenye Thunderbird, hiyo programu yako ya barua pepe, fungua mipangilio ya akaunti, nenda sehemu ya usawazishaji na hifadhi, uangalie chini: kuna chaguo la kufuta barua zilizopitisha siku fulani. Mimi nashuku hapo hapo. Chagua lile la kutofuta barua yoyote. Na kama unatumia IMAP (njia ya kusoma barua zikiwa zimebaki kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayokupa barua pepe) fanya leo, maana kinachofutwa hapo kinafutwa na kwenye seva. Hata kwenye simu hutakiona tena.

Zile za risiti na arbuni usizitegemeze seva kabisa. Zinakili kwenye folda za kompyuta yenyewe, ziko chini ya orodha upande wa kushoto. Zilizo humo, seva haizigusi. Kisha funga programu, unakili folda nzima ya wasifu wako (ndiyo Thunderbird inamoweka barua na mipangilio yako) kwenye diski ya nje (si ile flashi ya nyimbo, tafadhali!). Diski yenyewe usiiweke dirishani, chumvi ya bahari hapa Lamu unaijua.