Foleni bila ajali inatoka wapi?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Naendesha kosta Dar kwenda Moro, kuna siku tukishapita Kibaha foleni inashika ghafla, tunasimama kabisa, baadae inaachia, nikifika mbele sioni ajali wala trafiki wala roli bovu. Nani anaianzisha? Na abiria wanasema nimbane wa mbele ndo tuwahi, kweli?
Dereva, Chalinze

JIBU: Nzuri suka wangu. Mara nyingine hakuna wa kumlaumu, foleni inazaliwa katikati yenu. Mwaka 2008 Yuki Sugiyama na wenzake wa Japani walitoa jaribio moja zuri sana, magari 22 kwenye duara la mita 230, madereva wakaambiwa waende kama kilomita 30 kwa saa, wamfuate wa mbele, basi. Hamna taa, hamna tuta, hamna makutano, na bado muda si mrefu gari zikaanza kusimama, na lile fundo la foleni likawa linarudi nyuma kwa kama kilomita 20 kwa saa wakati magari yanaenda mbele! Ndo maana wewe ukifika hukuti kitu, fundo limeshawafata walio nyuma yako.

Hesabu yake ni ya 1958, ya watafiti Chandler, Herman na Montroll. Wanasema dereva anabadili mwendo kufuatana na tofauti ya spidi yake na ya gari la mbele, ila anachelewa kidogo mpaka jicho lione na mguu ufike kwenye breki. Sasa chukua ukali wa mguu, yaani sehemu ya ile tofauti ya spidi unayoipunguza kila sekunde, zidisha na sekunde za huko kuchelewa, ikipita nusu kila wa nyuma anafunga breki zaidi kuliko aliye mbele yake. Mfano umemzidi wa mbele kilomita 10 kwa saa, na kila sekunde unapunguza 6, ukali ni 0.6, na kama umechelewa sekunde 1 jibu ni 0.6, tayari imepita. Wa kwanza kagusa breki tu, wa ishirini huko kasimama.

Kwahiyo abiria wako hapana, wamekosea. Spidi 80 unakula mita 22 kila sekunde, ukimbana mtu lazima mguu uwe mkali. Acha nafasi ya sekunde 2 au 3, bodaboda akichomekea iache tena, najua inauma. Marekani walirudia lile duara wakaweka gari moja tu linalojiendesha, linaloshika mwendo wa taratibu bila kumkimbilia wa mbele, matokeo yakatoka 2018, wimbi la magari yote ishirini na kitu likatulia.