Jibu: Filamu ya mkuu wa shule mwenye kipaza sauti

Salama mkuu. Umeuliza jina la filamu ambayo mkuu wa shule anazunguka na kipaza sauti cha mkononi na kufunga milango kwa minyororo, na kama kisa ni cha kweli. Hiyo ni Lean on Me ya 1989. Morgan Freeman anamwigiza Joe Clark, mkuu wa kweli wa shule ya sekondari ya Eastside High, Paterson, New Jersey, Marekani.

Kuhakikisha ndiyo yenyewe, kumbuka kwanza pale juu ya paa. Sams, kijana aliyefukuzwa, anaomba arudishwe. Clark anamwambia kama anataka kujiua kwa dawa za kulevya, basi aruke hapo hapo. Kijana analia. Kama uliiona hiyo, ndiyo yenyewe.

Minyororo ilikuwepo kweli, kuzuia wauza dawa wasiingie. Lakini ule ushindi wa mtihani kwenye filamu unaoiokoa shule isichukuliwe na serikali ya jimbo usikupe picha kwamba mambo yaliisha vizuri: mwaka 1991 jimbo lilizichukua shule za Paterson.

Mimi ni mwalimu, nampenda Clark kwa kutowaogopa wahuni. Minyororo tu ndiyo inanitia hofu kila nikiitazama. Moto ukizuka, watoto watatokea wapi?