Kabla hujalipia meza Nairobi

Machalii wa Arusha, na nyie wa Moshi, mmeanza tena. Msimu wa komikoni, yale maonyesho ya vibonzo ambako msanii hukodi meza ya kuuzia kazi zake, ukiisha mnarudi kupitia Namanga na maboksi mazito kama yalivyotoka, halafu mnasema Wakenya wanaangalia tu, hawanunui. Wananunua sana. Hesabu zenu ndizo zilizokufa kabla basi halijafika Longido.

1. Bei ya meza siyo gharama ya meza. Soma fomu uone umeme, kiti cha ziada na beji ya msaidizi vimo au vinalipiwa kando. Msaidizi ni lazima, maana msalani utakwenda tu.

2. Kosa kubwa, ambalo hata sisi wakongwe tumelifanya karibu wote na hatupendi kulitaja: kuhesabu faida kwa printi, yaani nakala ya picha iliyochapwa, moja moja. Tuseme printi ya A3 inakugharimu 5,000 ya Tanzania, na Nairobi utaiuza 500 ya kwao. Tuchukue shilingi yao moja kwa 20 zetu, iwe 10,000. Kichwani umeshapata 5,000 kwa kila moja, na kwa kuwa umenogewa, unachapa 100. Hapo 500,000 imetoka. Siku mbili zinapita, umeuza 35. Kichwa kinakwambia 35 mara 5,000, faida 175,000, hongera. Sasa fungua pochi. Iliyoingia ni 350,000. Hata kabla ya kuhesabu meza, nauli na chakula, tayari una pengo la 150,000, na limelala kwenye boksi likiwa printi 65. Meza ikiwa 6,000 ya Kenya, ongeza 120,000. Pengo ni 270,000 na hujalipia hata godoro la kulala.

Ukichapa 40 badala ya 100, printi zinakula 200,000. Ukiuza zile zile 35 na kulipa meza, mkononi inabaki 30,000. Ndiyo, 30,000 tu, na nauli bado! Kwa hiyo hata aliyechapa kwa akili hawezi kutegemea printi peke yake. Stika ndizo zinazobeba safari. Karatasi ya stika ya A4 inatoa stika 12 za sentimita 6 kwa 6. Ikikugharimu 2,500 pamoja na kuchapa, na kila stika ukaiuza 50 ya Kenya, karatasi moja inarudisha 12,000 ya kwetu. Haina uzito, haikunjiki ovyo, na mtoto aliyebakiwa na hela ya nauli tu atanunua moja. Nyie mnazidharau kwa sababu mnataka kuitwa wasanii.

Jambo lingine la hapo hapo: printi iliyobaki usiiandike kwenye daftari kama mali. Iandike kama hasara, ikija kuuzwa ufurahi.

3. Plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na marufuku ile haikuishia kwenye mifuko yenye mikono; mifuko bapa nayo imo. Vile vifuko vinavyong'aa mnavyotumbukizia printi ni nini kama si mifuko bapa? Tumia bahasha za kaki na kadibodi. A3 iviringishe, uifunge kwa ukanda wa karatasi.

4. M-Pesa ya kwao na yetu ni jina moja, mitandao miwili. Mteja atakuuliza namba ya till, yaani namba ya kulipia biashara. Wengi huazima laini ya rafiki Mkenya, sawa, lakini simu iwe mezani kwako. Rafiki akiondoka nayo kwenda kula, unauza kwa imani. Kubalianeni mapema nani analipa makato ya kutoa. Beba na chenji ya noti za 50 na 100.

5. Wachora kanvasi kwa enameli, ile rangi ya mafuta inayong'aa: rangi hii hukauka juu, chini ikabaki laini. Bonyeza ukucha pembeni, penye rangi nene. Ukiacha alama, picha hiyo haisafiri. Iliyokauka iviringishe upande wa rangi ukiwa nje, maana ukiwa ndani rangi hujikunja na kupasuka. Tumia bomba lenye kipenyo kisichopungua sentimita 10, na kati ya mzunguko na mzunguko weka karatasi ya kuokea. Gazeti hapana, wino unahamia kwenye mbuga uliyoichora. Na fremu za mbao ziacheni nyumbani. Basi linatoza mzigo, na mnunuzi naye atapanda matatu.

6. Mpaka. Kupita bila viza siyo ruhusa ya kuuza. Mwulize mwandaaji kwa maandishi, mapema, kuhusu kibali cha muda. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kuwa halali siku 10 baada ya kuchanjwa, usichanje Alhamisi usafiri Ijumaa. Bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 zina cheti chepesi cha uasilia, yaani cha kuonyesha zimetengenezwa wapi, ila ni kwa zilizo kwenye orodha, kwa hiyo uliza forodha kama picha zako zimo.

Halafu andika orodha: jina la kazi, ukubwa, idadi, thamani. Nakala tatu. Igongwe muhuri wa forodha unapotoka, siyo unaporudi. Bila muhuri ule, ofisa wa Namanga hana namna ya kujua kwamba printi 65 zilizo kwenye boksi zilichapwa Arusha wala hazikununuliwa Nairobi, na wewe utakuwa umechoka, una njaa, na basi linapiga honi.