Weka kalamu, shika mwiko: maswali yenu kuhusu kwenda fildi

Toleo lililopita niliomba wanaofanya utafiti vijijini waniandikie, na barua zimekuja nyingi kweli. Nimechagua tatu, ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu naijua hali hiyo mpaka mifupani.

Swali: Shikamoo dada. Nasoma mastaz ya anthropolojia, yaani elimu ya jamii na tamaduni za watu, ni Mnyakyusa wa Rungwe na natafiti misiba ya kwetu, michango, mapishi, nani anafanya nini. Supavaiza kanipitishia dodoso la maswali 42 lakini tangu nimefika nyumbani sijajaza hata moja. Nikiuliza watu wanacheka, wananiambia we mtoto wa hapa si unajua haya? Juzi msibani shangazi kanikuta nimesimama na daftari, akaniambia weka kalamu, shika mwiko. Nimepika siku mbili, mikono imeungua, data sina. Nibadilishe mada? *Mwanafunzi, Tukuyu*

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usibadilishe kitu. Data unayo, tena nyingi, ila hujaiandika kwa sababu ulifundishwa kwamba data ni ile inayotoka kwenye dodoso tu.

Hicho ulichofanya siku mbili jikoni ndicho vitabu vinakiita uchunguzi shirikishi, yaani kujifunza maisha ya watu kwa kuishi na kufanya kazi nao. Kabla ya mbinu hiyo wataalamu wengi walikuwa wanakaa kwenye baraza la mmishenari au ofisa wa serikali, wanaita wazee, wanawauliza maswali kupitia mkalimani, wanaondoka. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, mzaliwa wa Poland, alipofika visiwa vya Trobriand, huko Papua New Guinea ya leo, mwaka 1915 akapiga hema katikati ya kijiji cha Omarakana, akajifunza lugha, akaamka nao akalala nao, na kwa safari zake mbili mpaka 1918 alikaa karibu miaka miwili. Kazi yetu yote imejengwa kwenye hilo hema. Na usidhani yeye alikuwa na raha kila siku, maana shajara yake binafsi ilipochapishwa mwaka 1967, yeye keshafariki, watu walishtuka kusoma hasira, upweke, na maneno mabaya aliyoandika juu ya wenyeji wake. Kwa hiyo uchovu wako na hasira zako kwa shangazi ziandike pia, ila kwenye daftari la pembeni, zitakusaidia baadaye kujua siku gani ulikuwa unaona vizuri na siku gani ulikuwa umenuna.

Sasa nikupe la kwangu. Fildi yangu ya kwanza ilikuwa kando ya Ziwa Victoria, kwa akina mama wanaoanika dagaa. Nilikuwa na dodoso kama lako, swali la saba linasema: unapata shilingi ngapi kwa mwezi? Mama mmoja alikuwa anageuza dagaa mchangani kwa fagio, akanijibu bila kuinua kichwa, "Kwa mwezi hatupati kitu mwanangu, tunapata gizani." Nikaandika sifuri. Nikaendelea hivyo hivyo, wengine wakitaja namba wengine wakisema hakuna, mpaka nikajaza fomu 31. Siku kama tisa baadaye naamka asubuhi nakuta mitumbwi yote imevutwa juu, karabai zimening'inizwa ukutani, na yule mama kakaa kivulini anasukwa nywele. Nikamuuliza kulikoni, akaniambia si unaona mwezi ulivyo mkubwa. Dagaa wanavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikiwaka hawaifuati taa, hivyo mitumbwi inapumzika mpaka giza lirudi. Mimi nilikuwa nauliza mwezi wa kalenda, yeye ananijibu mwezi wa angani! Neno moja la Kiswahili, lugha tunayoongea wote wawili, na hatukuelewana. Hakuna sampuli kubwa kiasi gani ambayo ingenionyesha hilo kosa, nililiona kwa sababu nilikuwa bado nipo.

Kuhusu wewe kuwa mtoto wa nyumbani, huko hauko peke yako. Jomo Kenyatta alisoma anthropolojia London chini ya huyo huyo Malinowski na mwaka 1938 akatoa kitabu kuhusu Wagikuyu wenzake. Kina mambo ambayo mgeni asingeyapata, lakini ukikisoma unamsikia kabisa mtu anayetetea kwao, na hiyo ndiyo hatari yako pia, kwamba utaona aibu kuandika ugomvi wa ukoo au yule baba mdogo aliyekula pesa za sanda. Huko kwenu Rungwe wenyewe, Godfrey na Monica Wilson, mume na mke wanaanthropolojia, walifanya kazi kati ya 1934 na 1938 wakaandika maziko yalivyokuwa, wanaume wakicheza na mikuki, na ukizisoma kazi zao kumbuka nyuma yao alikuwepo Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa, karani na mkalimani wao. Bila watu kama yeye wageni wangejua nini? Naona vibaya sana jinsi majina ya namna hiyo yanavyorukwa darasani. Neno moja walilolipenda kwenu ni ukwangala, ile raha ya kukaa na wenzio mkala mkapiga soga. Mimi naona neno hilo ni mbinu ya utafiti, na wewe umezaliwa nalo.

Kwa hiyo fanya hivi. Shika mwiko. Lakini kwanza waambie wazi, shangazi na wengine, kwamba unaandika kuhusu misiba kwa ajili ya masomo, wasije wakasikia baadaye ukaonekana mpelelezi. Jikoni usitoe daftari, kariri maneno manne matano, ukienda chooni yaandike kwenye simu, halafu usiku huo huo, nasema usiku huo huo hata kama macho yanafumba, andika yote: tarehe, nani alikaa wapi, nani alifika na nini, nani alisemwa kwa kutoleta. Maneno yaandike kwa Kinyakyusa kama yalivyotamkwa, tafsiri itakuja. Usiandike "wanawake walikuwa na huzuni", andika walichofanya ukaona ni huzuni. Ukilala bila kuandika, asubuhi utakumbuka hadithi lakini maneno yenyewe yameshapotea.

Pale mlangoni msibani si huwa kuna mtu kakaa na meza anaandika michango? Lile daftari ni hazina. Likishamaliza kazi omba familia ikuruhusu ulisome, uone majina yanavyofuatana, nani katoa pesa, nani kaleta ndizi au kuni, na nani jina lake halipo wakati ulimwona kwa macho yako anachota maji tangu alfajiri. Hapo una sura nzima ya tizi, ile tasnifu yako ya mastaz.

Na hao wanaosema "si unajua", usiwaulize desturi, waulize tukio. Mbona jana walichinja ng'ombe wawili na wiki iliyopita mmoja? Hapo wataongea mpaka usiku. Halafu tafuta mwanamke aliyeolewa hapo akitokea kabila lingine, yeye ilibidi ajifunze kila kitu ukubwani, mara nyingi kwa kukosea na kusemwa, atakueleza kama mwalimu. Wafiwa waache mpaka tanga lianuliwe. Dodoso usilitupe, lipunguze yabaki maswali kumi na ulirudishe mwezi wa tatu wa kukaa kwako huko, ukishajua cha kuuliza, na supavaiza mpelekee kurasa kumi za maandishi yako ya jikoni aone mwenyewe.

Swali: Dada, barua zote ninazo, chuo, mkoa, wilaya, kata, mpaka mtendaji wa kijiji, lakini wanakijiji wanasema bila posho hawaongei. Nifanyeje? *Msomaji, Kigoma*

Jibu: Barua zinafungua ofisi, watu ni jambo lingine. Kwanza angalia unaingia na nani, kama mtendaji anakutambulisha kisha anabaki amekaa pembeni, nani ataongea ukweli mbele ya mtu anayemdai mchango wa darasa? Mwombe kwa heshima akutambulishe aondoke. Pesa siikatai kabisa, ukimwita mtu kwenye majadiliano ya kikundi akaacha shamba ni haki apate nauli na soda, kiasi sawa kwa wote na ukieleze kwenye ripoti. Nisichokubali ni kulipia jibu, ukilipia jibu watu wanakupa lile unalolitaka. Halafu jua kwamba wengi wana uchungu, wamehojiwa mara ngapi na hakuna aliyerudi kuwaambia alipata nini. Waahidi kikao cha kurudisha matokeo, taja tarehe, na uende.

Swali: Naweza kurekodi kwa simu bila kuwaambia ili waongee kwa uhuru? *Msomaji, Dar*

Jibu: Hapana. Huo uhuru ni wao, ukiurekodi kwa siri umewanyang'anya. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ila hata isingekuwepo jibu langu ni hilo hilo. Omba ruhusa, weka simu mezani inaonekana, na mtu akisema zima, zima. Na kubadilisha jina peke yake hakutoshi, ukiandika "mwalimu mkuu mwanamke wa shule pekee kijijini" hata ukimwita Bi Fulani kila mtu atamjua kabla hajamaliza kusoma sentensi.