Siku 41 Mbele ya Kioo

Safu ya Mwalimu Mstaafu: maswali yenu kuhusu kujifunza Kiingereza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, huu ni mwaka wa nne. Nilimaliza kidato cha nne. Kiingereza nakisikia, lakini mgeni akinigeukia na kuniuliza kitu ulimi unaganda, naishia kuchekacheka na kusema "yes, yes" hata pale jibu lilipokuwa "no". Nataka niwe muongoza watalii, na usaili ni kwa Kiingereza. Nilinunua mafunzo ya sauti kwa Sh 35,000. Yanasema akili ikiambiwa jambo kila siku hulikubali: asubuhi nisimame mbele ya kioo nitamke "I speak English fluently" mara 50, usiku nilale na hedifoni masikioni, na ndani ya siku 30 ulimi utafunguka. Leo ni siku ya 41. Nimekosea wapi?
Mgumu, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakosea. Sentensi hiyo umeitamka zaidi ya mara 2,000, bila shaka unaijua vizuri, ila hakuna mgeni atakayekuomba umwambie. Hedifoni zivue ulale. Usingizi una kazi yake, unakaza yale uliyojifunza ukiwa macho. Ila usingizi hauokoti msamiati mpya kwenye simu.

Walichokuambia kwamba akili inahusika si uongo. Ila wamekuuzia dawa ya ugonjwa mwingine. Wewe huna upungufu wa imani, una woga, na ugonjwa huo naujua.

Nilipokuwa kidato cha kwanza nilisimama darasani nikasema, "My mother, he is a farmer." Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka. Kosa lenyewe lina sababu: Kiswahili kinasema "yeye" basi, hakiulizi kama ni mama au baba. Kiingereza kinakudai uchague kila mara, papo hapo, he kwa mwanamume au she kwa mwanamke, jambo ambalo kichwa chetu hakijawahi kudaiwa. Nani angenieleza hayo? Nilinyamaza miaka miwili. Mitihani ya kuandika nilifaulu, mdomo ndio uligoma.

Aliyenitibu ni bibi yangu huko Lushoto, ambaye hakujua hata neno moja la Kiingereza. Likizo moja, tukipukuchua maharage uani, nilianza kumsimulia kwa Kiingereza kila ninachokiona: kuku, ungo, jirani anayepita na kuni. Nikamuuliza kama namkera. Akasema, "Endelea, kwangu ni kama mvua juu ya bati." Nikaendelea likizo nzima. He na she nilizichanganya mbele yake hadi nikachoka kuzichanganya.

Mtu mwenye hofu hugawanya akili. Nusu inamlinda, inasikiliza anavyosikika na kutazama nani anacheka. Nusu iliyobaki ndiyo itafute neno, ipange wakati wa kitenzi, ichague he au she. Haitoshi, ndiyo maana unajibu "yes" mahali pa "no". Kwa hiyo tafuta bibi yako. Mlimani unaye: mzigo wa kilo 20 mgongoni haucheki. Kati ya vibanda vya kulala vya Mandara na vya Horombo tembea ukitaja kwa sauti unachokiona na unachokifanya. Wenzako watasema kichwa chako kimepanda mlima kabla ya miguu. Waache.

Pili, badala ya kujiona tayari umevaa koti la muongozaji na watu wanakupigia makofi (picha hiyo ni tamu, ndiyo maana haifanyi kazi), jione ukifanya kazi yenyewe. Fumba macho. Mgeni amekaa kwenye jiwe nje ya vibanda vya Horombo, kamba za kiatu zimelegea, chai imepoa mkononi. Muulize: "How is your head? Did you sleep? Have you eaten?" Msikie akijibu kwamba hakula, anahisi kutapika. Sasa wewe unasema nini? Hapo utakwama, na ulipokwama ndipo pa kuuliza kesho kwa muongozaji wako. Sentensi 15 za namna hiyo, zilizotoka kwenye kazi yako, nazithamini kuliko kitabu kizima cha salamu za uwanja wa ndege.

Tatu ni kusahau, na hili wengi huliona ni aibu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885: alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima zilivyompotea. Sehemu kubwa ilipotea ndani ya siku ya kwanza, baadaye upotevu ukapungua kasi. Basi usirudie neno mara 50 asubuhi moja. Lirudie jioni ileile, kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Na usilisome tu: funika karatasi ulitafute kichwani kwanza, hata likichelewa. Kule kulitafuta ndiko kunakolikaza. Wewe unawaona wageni wanaolala Horombo siku ya ziada, wanapanda hadi kwenye miamba ya Zebra Rocks na kurudi kulala palepale, ili mwili uzoee hewa nyepesi ya juu. Hakuna anayesema wamepoteza siku, na kurudia neno ulilolisahau ni vivyo hivyo.

Maneno magumu yatundike njiani. Cicero, mnenaji wa Roma, aliandika juu ya mbinu hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita: unachukua mahali unapopajua na kuweka kila jambo pake. Warumi walitumia nyumba. Wewe una njia unayoijua hata gizani. Pale Zebra Rocks weka mguu uliovimba hadi kiatu kimepasuka: swollen. Kwenye kituo cha mwisho cha maji weka mgeni anayezunguka kama pia: dizzy. Mlangoni pa vibanda vya Kibo kuna aliyelala kifudifudi na begi bado liko mgongoni: exhausted. Ukipita, yaokote. Ila hii ni mbinu ya maneno tu, kuzungumza haitakufundisha. Mzigo na mgeni wa Horombo ndio watakaokufundisha.

Kioo kitumie kunyolea ndevu.

SWALI: Nina miaka 52, nauza vitenge Arusha na watalii wanapita dukani. Mwanangu anasema akili ya mtu mzima haishiki lugha. Ni kweli?
Mama Vitenge

JIBU: Watoto wanatushinda lafudhi, hilo nakubali. Lakini mtu anayekumbuka bei ya kila doti na madeni ya wateja bila kufungua daftari, kumbukumbu yake ina ubovu gani? Anza na namba, hasa thirteen na thirty, fourteen na forty, maana hapo ndipo pesa inapopotea. Katika thirteen sauti huelemea mwishoni, katika thirty huelemea mwanzoni. Jioni mwanao akutajie bei bila mpangilio nawe uandike. Akikucheka, apike yeye.