Mkuu, usimtajie mteja bei kabla hujairudisha hiyo grafu hadi sifuri

Subiri! Umesema kadi za harusi 200 unachapishiwa kwa 260,000, kadi 400 kwa 460,000, na 600 kwa 660,000. Mstari umenyooka, kwa hiyo ni uwiano, yaani kila kadi bei ileile, na kadi 50 utahesabu 1,300 mara 50, ipatikane 65,000. Halafu unauliza programu gani ya simu itaichora vizuri zaidi. Achana na programu kwanza. Hiyo 65,000 ni hasara, na mimi hasara hiyo nimeshaila.

Nilikuwa nachukua oda za fulana, kuchapa napeleka kwa fundi. Fulana 100 za nembo moja, 800,000. Fulana 200, milioni 1.5. Fulana 300, milioni 2.2. Nikachora, mstari umenyooka kama uzi wa mwashi. Ikaja kwaya yenye vikundi vitano, kila kikundi fulana 20 na nembo yake. Nikaona jumla si ni 100? Nikawaambia 8,500 kila moja, wakanilipa 850,000 taslimu. Fundi kupiga hesabu: milioni 1.2! Kila nembo ina fremu yake ya kuchapia, na fremu ni laki moja, uchape fulana moja au elfu. Fremu tano laki tano, fulana 100 kwa 7,000 laki saba. Tarehe ya tamasha ilishatangazwa, sikuwa na pa kutokea. Nikachomoa 350,000 kwenye pesa ya kodi ya nyumba.

Na yule mwalimu wa tuisheni aliyetukaririsha kwamba mstari ulionyooka ni uwiano, hadi leo nina hasira naye. Alitupa nusu ya kanuni! Mstari unyooke NA upite kwenye sifuri kwa sifuri. Wangu ukiurudisha nyuma kwa rula unakata mhimili wima kwenye 100,000, ndiyo ile fremu. Hata joto ni hivyohivyo: sentigredi 10 ni farenhaiti 50, sentigredi 20 ni 68, wala si 100, kwa sababu sentigredi 0 inaanzia 32.

Sasa tazama kona ya chini kushoto ya grafu yako. Umeandika 200 na 260,000. Hapo si sifuri, mkuu! Ndiyo maana mstari unaonekana unatoka konani. Chora upya, mihimili yote ianze 0, uone unavyokata kwenye 60,000. Au gawa tu: 260,000 kwa 200 ni 1,300, 460,000 kwa 400 ni 1,150, 660,000 kwa 600 ni 1,100. Ingekuwa uwiano, jibu lingekuwa lilelile mara zote tatu.

Kadi 50 ni 60,000 jumlisha 50,000, yaani 110,000, na hapo faida yako hujaweka. Leo hii muulize mwenye mashine hiyo 60,000 ni ya nini, pleti (bamba la kuchapia) au kitu gani, na kama mteja akibadilisha muundo unailipa tena.